Wakili na Kuku Aliyeatamia

Juzi huku kwetu Lipangalala maji ya mafuriko yalikuwa yameanza kupanda ngazi za nyumba ya jirani yangu, bibi wa makamo ya mama yangu, naye amekaa mlangoni hataki kuhama. Wakili mwandamizi wa serikali, anayeshughulikia mambo ya maafa, akaja na amri mkononi, suruali ameikunja hadi magotini.

"Shikamoo, bibi. Amri inasema watu na mifugo wahame sasa hivi."

"Marahaba. Kuku wangu ameatamia. Mayai nayo ni mifugo?"

Sisi majirani tuliokuwa tukingoja kwenye mtumbwi tulicheka. Wakili hakucheka. Aliisoma tena karatasi, akakuna kidevu. "Mayai hayakutajwa, bibi."

"Basi nenda kaiandike upya. Mimi nakungoja hapa hapa."

Maji yakafika kizingitini. Wakili akaitia karatasi mfukoni, akaingia ndani, akatoka amekumbatia tenga lenye kuku na mayai yake, kuku anamdonoa vidole. Bibi akanyanyuka, akamfuata hadi kwenye mtumbwi.

"Usijitikise, mwanangu," akamwambia. "Kuku akishtuka atayavunja mayai."

Wakili akatulia tuli kama sanamu mpaka nchi kavu. Amri ilitekelezwa kikamilifu. Sina hakika tu ilikuwa ya nani.