Mfuko wa Onde Ulionukia Maua

Saa mbili asubuhi, cherehani ya Ceu Nining, yaani dada Nining, inanguruma mtaani Cicadas, mjini Bandung, na kifuani mwake, chini ya mtandio, kitu kinajigeuza. Hashtuki. Anamaliza upindo wa suruali ya shule, anakata uzi kwa meno, ndipo anapopenyeza kidole kwenye mfuko mdogo wa kitambaa unaoning'inia shingoni.

"Lala, bwana. Zamu yako bado," anamwambia aliyemo.

Aliyemo ni Onde, mnyama wa mitini asiyezidi ngumi ya mtoto, mwenye macho ya komba na ngozi iliyounga mikono na miguu, inayomwezesha kuelea kutoka mti hadi mti. Mchana hulala. Mjini hapa wengi hufuga wanyama wa aina yake, na wengi huumwa vidole.

Wanaoumwa huwaleta wanyama wao kwa Nining, fundi nguo wa miaka arobaini na saba. Yeye huwabeba wanyama hao kifuani akishona, mpaka waizoee harufu ya binadamu na mapigo ya moyo wake. Kwa kila mmoja hutoza rupia laki moja na nusu.

"Kubembeleza kwa nguvu hakufai," anasema. "Unaendelea na kazi zako, yeye anakuchunguza. Kama mkwe mpya tu."

Mwenye Onde ni Dadan, mlinzi wa kivuko cha reli, aliyefika kwa fundi huyu na kidole kimefungwa bendeji. Onde alitulia mapema. Akaanza hata kulamba asali kwenye ncha ya kidole cha Nining.

Wiki iliyopita akabadilika ghafla. Mkono ukimkaribia, alisimama kwa miguu ya nyuma na kukereza kama msumeno butu. Papai hakuligusa, wala panzi. Kisha asubuhi moja Nining akaona damu mkiani. Onde alikuwa anajitafuna.

Nining alijua maana yake. Mnyama huyu akizidiwa na hofu, hujila mwenyewe mpaka afe. Daktari wa mifugo alimpaka dawa jerahani, lakini hofu yenyewe hakuijua ilikotoka. Nining akampigia Dadan simu, naye akamwambia kwa upole kwamba ikiwa imeshindikana, amrudishie tu, afie nyumbani.

Aliyeokoa jahazi ni Kang Uju, yaani kaka Uju, muuza uji wa jirani. Alimpelekea Nining bakuli lake la asubuhi, akarudi nyuma hatua moja, akaziba pua.

"Ceu, mbona unanukia kama bibi harusi? Unaolewa hata majirani hutualiki?"

Nining akaunusa mfuko.

Ni msimu wa mvua, na nguo hazikauki. Alikuwa amepeleka nguo chafu zote kwa dobi anayetoza kwa kilo, mifuko ya Onde ikiwemo, na Bandung dobi asiyetia manukato hapati wateja. Kila kitu kilirudi kikinukia maua.

"Mimi niliona usafi," anasema. "Yeye aliona mtu wake kafukuzwa, kaletewa mgeni."

Siku hiyo alishinda na mtandio mkuukuu ambao haukufika kwa dobi. Jioni akautandika ndani ya kizimba, akaondoka bila kumgusa Onde. Kulipokucha alimkuta amejiviringisha ndani yake, na papai limebaki ganda.

Nining akaketi sakafuni, akacheka huku machozi yanamtoka. Akampigia Dadan kumpa habari. Treni ilikuwa inapita kivukoni. Ilipomaliza, Dadan akamwomba arudie, aisikie vizuri.

Sasa kidonda cha mkiani kimekauka, na Jumamosi Onde anarudi kwao. Nining amemtaka Dadan alete shati la kazini, amshonee Onde mfuko mpya kwa kitambaa chake. Leo Dadan amefika nalo ndani ya mfuko wa plastiki, haya zimemjaa.

"Nisamehe, Ceu. Nimelivaa juani siku nzima. Mke wangu alitaka alipitishe majini kidogo."

"Akilipitisha, nakutoza mara mbili."

Nining ananusa ukosi wa shati, anakunja uso, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mpango ni Dadan ashinde na Onde kifuani katika kibanda chake cha kivukoni, kama yeye anavyoshinda naye kwenye cherehani.

"Siku Onde atakaponikereza mimi na kumkimbilia Dadan," anasema akichukua mkasi, "hapo roho yangu itatulia."