Ndiva ya Kobe Wawili

Kule Suji, kwetu milimani, maji yalikuwa yanakuja yenyewe. Unaamka, unasikia mfereji unapiga kelele nyuma ya migomba, unajua mwenye zamu amekwisha kuifungua ndiva. Kwa asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo ambalo sisi Wapare tunalijenga kwa mawe na udongo juu ya mashamba. Jioni linazibwa, usiku linajaa, asubuhi linazibuliwa na maji yanateremka kwa zamu. Nimelelewa pembeni ya moja. Kwa hiyo nilipoolewa nikateremshwa Same, enzi za Mwingereza, kwenye nyumba ya bati ya watumishi wa reli, joto na vumbi nilivimeza. Kilichonishinda ni ukimya wa mahali ambapo maji hayatembei.

Mume wangu alikuwa kibarua kwenye genge la kutengeneza njia ya reli. Jumatatu wanapanda kitoroli na majembe yao, mwisho wa juma wanarudi, na mvua ikibomoa tuta huko mbele hawarudi. Alikuwa mtu mwema. Hakunitukana, hakunipiga, mshahara alinikabidhi mkononi. Lakini mtu asipokuwepo hayupo, hata awe mwema namna gani, na mimi wema wake niliuona siku mbili kwa juma.

Majirani nao ndiyo kabisa. Unamzoea mama wa watu, unajua mtoto wake yupi anaogopa radi na yupi hali maharage, kisha inakuja amri ya uhamisho na kesho yake mlango una kufuli. Anakuja mwingine, unaanza tena kuulizana kwenu wapi. Kiswahili changu wakati ule kilikuwa cha kanisani, kizito, na Kipare hakuna aliyekuwa akikizungumza katika mstari ule wa nyumba zaidi ya mimi na mume wangu. Treni ya abiria ikipita nilikuwa nasimama nyuma ya jiko kuipungia mkono, wakati ndani yake simo na wangu hayumo. Mtoto nilikuwa sijapata. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho hakitaondoka.

Kando ya reli palikuwa na shimo pana walikochimba kifusi cha kujengea tuta. Masika ilikuwa inalijaza, nasi wanawake tulikuwa tunakwenda kufulia pale. Siku moja nilichota debe nikasikia kitu kinagonga bati. Kuangalia, kobe wa maji wawili: wabapa, magamba rangi ya tope, shingo ndefu wanazikunja ubavuni kama mtu anayetazama chini ya kwapa lake. Mmoja alikuwa mkubwa kiasi cha sahani, mwingine angeweza kukaa kwenye kikombe.

Jirani yangu wa wakati ule alikuwa mwanamke mtu mzima kidogo, kwao Kileo, kule tambarare ya upande wa kaskazini. Yeye nyumbani kwao walizungumza Kigweno, mimi Kipare, tukakutana kwenye Kiswahili. Alinyoosha shingo akatazama ndani ya debe langu.

"Mwaga hao, mdogo wangu. Wananuka hao. Kwetu hata mbwa hawagusi."

"Dada, hata mimi Same hii imeshaninukisha," nikamwambia. "Tutazoeana."

Alicheka mpaka sabuni ikamponyoka. Nikabeba debe langu kichwani nikaondoka nalo.

Hakutia chumvi. Ukiwashika wanatoa harufu ya kukutoa machozi. Niliwaweka kwenye karai, wakashinda wanakwaruza bati kutafuta pa kutokea, na kile kikwaruzo kikanikera kuliko harufu. Nikajiambia kiumbe hawezi kuishi ndani ya karai. Mimi mwenyewe nilikuwa naishi ndani ya bati na nilijua ladha yake. Nikaamua kuwajengea ndiva.

Niliijenga nyuma ya jiko kama nilivyoona ikijengwa kwetu, ila ndogo, upana wa kitanda. Nikachimba, nikaleta udongo wa kichuguu, nikaumwagia maji na kuushindilia kwa miguu mpaka ukawa unateleza kama ubao wa meza, kisha nikapanga mawe ukingoni. Upande wa chini nikaacha tundu la kufungulia maji. Kwetu kizibo ni kipande cha mgomba, lakini mgomba Same utautoa wapi, nikachonga kisiki cha mkonge nikakifunga matambara. Maji niliyapata kwa mzee wa tangi la kunyweshea injini za treni. Bomba lake la turubai lilikuwa linavuja daima. Nilimwamkia shikamoo baba, nikamweleza shida yangu.

"Unataka maji ya kobe?"

"Yale yanayomwagika tu, baba."

"Haya, mwanangu. Kinga."

Nilikinga. Kila jioni naziba, kila asubuhi nazibua yale yaliyochafuka yakanyweshe mchicha wangu, najaza upya. Ilikuwa ndiva ya kweli na nilivimba kichwa. Lakini kobe hawakufurahi. Nilikuwa nimesimamisha kuta wima kama za kwetu, maana ndiva ya kwetu inatunza maji, haina mpangaji ndani. Wale wawili walielea wakining'iniza miguu, wanajaribu ukuta, wanarudi. Yule mdogo nilimkuta amelegea, pua tu iko juu. Ndipo nikaelewa kwamba kiumbe wa maji naye huchoka na maji. Nikabomoa upande mmoja nikatengeneza mteremko, nikaweka jiwe bapa katikati, nusu majini nusu juani. Hata sijamaliza kunawa mikono, yule mkubwa alikuwa amepanda juu ya jiwe, amenyoosha miguu ya nyuma, anaota jua kama mzee aliyestaafu. Nilicheka peke yangu. Kisha nikashtuka kusikia sauti yangu, kwa jinsi nilivyokuwa sijaisikia.

Basi ikawa ndiyo maisha yangu. Niliwakamatia panzi, nikawachimbulia minyoo, nikawakatia matumbo ya samaki siku za kuonekana samaki. Na nilizungumza nao Kipare. Mambo yote: bei ya mafuta ya taa, yule karani wa stesheni anayetembea kama amemeza rula, ndoto zangu, mama yangu. Nikifika tu na kuanza kusema, vichwa viwili vinatokea juu ya maji, macho yote kwangu. Najua walikuwa wanataka panzi. Lakini mtu mwenye njaa ya watu hachunguzi sana kwa nini ametazamwa.

Mume wangu aliporudi aliikagua ndiva kama mkaguzi, akapiga kizibo teke kidogo kuona kama kimeshika.

"Umeijenga vizuri," akasema. "Sasa kobe watalima nini?"

"Watalima upweke wangu."

Baadaye akaenda kuokota mawe mazuri zaidi kwenye kokoto za reli, akanipangia ukingo upya, na siku ile nilimpenda kuliko siku ya harusi. Jumatatu kitoroli kikaja kumchukua.

Kiangazi kikaingia, na kiangazi cha Same hakina adabu. Majani yakageuka rangi ya magunia. Maji ya tangi yakawa ya injini tu, wakaleta turubai jipya lisilovuja, na mzee wa tangi akaniambia kwa huruma kwamba mkono wake umefungwa. Nikawa nachota maji ya zamu bombani pamoja na wenzangu na kuwagawia kobe katika ya kupikia. Ndiva ikashuka mpaka chini ya jiwe bapa. Chini kulikuwa na tope zito, jeusi, la majani na mabaki ya miezi yote ile, nao kobe wakaanza kujificha humo. Nikiita hawatokei. Siku nzima inapita simwoni hata mmoja.

Nilishikwa na hofu nikafikiri tope linawaua. Na mtu wa Suji anajua dawa ya tope. Kwetu ndiva ikipungua hupigwa baragumu, watu wote wanatoka na majembe na vikapu kwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na mkubwa wala mdogo. Wanaume wanachimba, wanawake tunabeba, nyimbo, kejeli, makande yanatokota pembeni, na tope lote linatolewa mpaka chini kuwe safi kusubiri mvua. Nilizungukia nyumba jirani kuomba wenzangu wanisaidie; yule dada wa Kileo sikumkuta. Mmoja alidhani nimekunywa. Nikaufanya msaragambo wa mtu mmoja. Nilichimba, nikabeba, nikaimba mwenyewe na kuitikia mwenyewe mpaka nikaketi chini nikalia. Kisha nikainuka nikamaliza. Tope lile nikalitandaza kwenye mchicha liwe mbolea, kama tunavyofanya kwetu, na ndiva nikaiacha safi, naweza hata kuilalia. Kobe nikawarudisha kwenye vidole viwili vya maji.

Kuanzia hapo wakaanza kuondoka.

Nilikuwa nawakuta njiani, mmoja ameshafika kwenye mti wa mbaazi, mwingine anaelekea relini, wamejaa vumbi. Nawarudisha, wanatoka. Nikazungushia ua wa miiba. Wakausukuma kwa pua mpaka pua zikachubuka zikatoa damu, hawakuacha. Niliwagombeza, na sitaficha, nilikuwa na hasira ya kweli. Nimewachimbia, nimejinyima maji ya uji kwa ajili yao, na bado hata hawa wananikimbia!

Yule dada wa Kileo alisikia kelele akaja na upawa mkononi. Alitazama ndiva, akatazama pua za kobe.

"Tope lake liko wapi?"

"Nimelitoa. Si lilikuwa linawaua?"

"Mdogo wangu, hawa kiangazi wanalala topeni mpaka mvua. Wewe umewatolea godoro, halafu unagomba kwa nini hawalali."

Nilikimbilia mchicha kulikusanya tope, lakini jua lilikuwa limelichoma, linavunjika mkononi kama makaa. Nikalisaga, nikaliloweka kwa maji yote niliyokuwa nayo ndani, hata ya kunywa. Udongo wa kichuguu ulikuwa umepasuka kwa joto, maji yakanywewa huku natazama. Yule dada akaenda kwake akaleta debe lake la maji, la watoto wake, akamwaga humo. Nalo likapotea.

"Lile shimo la kufulia bado lina tope katikati," akasema. "Nimeona ng'ombe wanazama."

Nilimwelewa. Nilimchukia kidogo kwa kusema kweli ile. Nikaketi nao mapajani, wananuka, pua zao nyekundu, nikijaribu kufikiri njia nyingine. Ningewaweka kwenye karai wangekufa mbele ya macho yangu. Ningewapeleka wasingekuwa wangu tena. Hapakuwa na ya tatu.

Asubuhi nikawabeba kwenye lile debe. Shimo lilikuwa limekauka pande zote, katikati limebaki tope jeusi lenye nyayo za ng'ombe. Nilipandisha khanga nikazama mpaka magotini. Yule mdogo nilipomweka hakusubiri hata nimwache, alikwisha kutumbukiza kichwa. Mkubwa alikaa kidogo. Nikamwambia kwa Kipare alale salama, mvua ikija nitamfuata. Akaanza kuchimba kwa miguu ya mbele, akajizungusha mara kadhaa, na tope likafunga juu yake. Nilichukua kijiti nikakisimika mahali pale ili nipajue.

Mume wangu aliporudi akakuta ndiva tupu.

"Wamekufa?"

"Wamelala."

Usiku ule aliweka mkono wake kichwani pangu akauacha hapo.

Kile kiangazi kilikuwa kirefu. Yule dada wa Kileo mumewe akapata uhamisho, akaondoka na watoto na mabegi na kuku kwenye tenga, tukaagana stesheni tukiwa tunacheka kwa nguvu ili tusilie. Nikabaki na ua wa miiba unaozunguka ndiva kavu. Kila nikiona wingu juu ya milima ya kwetu nilikuwa nafagia ile ndiva.

Mvua ilipokuja ilikuja yote kwa mpigo. Niliitengeneza ndiva, safari hii na tope chini, la kutosha, laini, nimelichagua mwenyewe. Jiwe bapa likakaa mahali pake. Nikakamata panzi nikawafunga kwenye pembe ya khanga, nikachukua debe nikaenda shimoni.

Shimo lilikuwa limejaa, kijiti hakuna. Na juu ya maji kulikuwa na vichwa. Si viwili. Vilikuwa vingi, kila mahali, vikubwa kwa vidogo, vyote rangi moja ya tope, vyote vimetulia. Nikasogea ukingoni nikaita kwa Kipare, vilevile kama nilivyokuwa naita nyuma ya jiko.

Vikazama vyote.

Nilisubiri mpaka maji yakatulia. Vikaibuka tena, ng'ambo, mbali na mimi. Nikaita tena, nikasema ni mimi, nimekuja. Nikafungua khanga nikawatupia panzi wote, nikitafuta kichwa kimoja tu ambacho kingenielekea, hata kama ni kwa njaa. Panzi wakaliwa. Hakuna aliyegeuka.