Vidonge vya Bibi Tan

Kwa miaka kumi na tisa Qiu Yanfang alikuwa nesi mwenzangu katika kituo cha afya cha mtaa wetu, hapa Chongqing. Aliwafundisha wazee kupunguza chumvi, akawafanyisha mazoezi uani, na wasioweza kushuka ngazi akawapandia. Bibi Tan, mjane wa ghorofa ya nane, alikuwa mmoja wao.

Presha ya bibi huyu ilikataa katakata kushuka. Yanfang alivamia jiko lake akatupa nyama za chumvi na mboga zilizolowekwa chumvi mtungini. Wapi!

"Bibi, unanidanganya. Nikiondoka unakula nini?"

"Uji wako usio na ladha, nesi. Hata paka kauhama."

Siku moja Yanfang akitafuta majani ya chai alifungua kopo, akakuta vidonge vya presha alivyompa bibi kwa miezi mitatu, vimefungwa tayari kutumwa kwa Guangli, mwana pekee wa bibi, kibarua wa ujenzi katika jiji la mbali.

"Naye ana presha," bibi akasema, macho chini. "Akienda kupimwa, msimamizi atajua, atamtimua. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha, mwanangu. Mwache yeye aishi."

Yanfang akampigia Guangli, akamsihi aende kituo cha afya cha huko.

"Nitaenda, dada. Kazi ikipungua tu."

Tangu hapo bibi alimeza vidonge mbele ya Yanfang, kisha akapanuliwa mdomo kama mtoto. Presha ikashuka. Kituoni tukampigia Yanfang makofi.

Wiki ya sita mshipa ulipasuka kichwani mwa Guangli akiwa kazini. Hakufika hospitali.

Yanfang alipanda ngazi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Bibi, nifungulie, nakuomba."

"Umekuja kupima nini?" sauti ikauliza ndani. "Presha si ilishashuka? Nenda kawaambie wenzako."

Alikwenda kila siku majira yote ya baridi, akiongea na mbao. Kisha mpwa wa bibi akaja kumchukua, wakahamia kijijini, wala hatukuachiwa anwani.

Nilimwambia Yanfang kwamba hakukosea. Alifuata kazi yake.

"Namba ya Guangli nilikuwa nayo," akanijibu. "Wiki sita, na nilimpigia mara moja tu."