Anakokwenda: Nyumbani

"Umeniua! Umeniua, umenizika, na kaburi umelisakafia juu!" Mama Funguo alikipiga kofi kitabu cha wageni mpaka kalamu iliyofungwa kwa kamba ikaruka na kubaki inaning'inia ukingoni mwa kaunta. "Miaka tisa, Fundi! Umeondoka hapa mara mia mbili na ushee. Hata ndege haziondoki hivyo! Na mara zote hizo hujafika popote!"

Fundi Zipu alikuwa amesimama upande wa pili wa kaunta, begi begani. Chini, karibu na miguu yake, kulikuwa na kitu kizito kilichofungwa kwa kipande cha shuka. Alikuwa anaiangalia ile kalamu inavyozunguka kwenye kamba yake.

"Na mimi umenifanya mwongo," Mama Funguo aliendelea. "Mimi, ambaye sijasema uongo toka..." Akafikiri kidogo, maana ni mtu wa haki. "Toka niachane na mume wangu."

Siku nyingine Fundi angecheka. Leo hakucheka, na hapo ndipo Mama Funguo alipoona kwamba hata akiongeza sauti, machozi yatatoka tu.

Sasa, ugomvi wenyewe hauna maana bila kujua sheria ya ile gesti. Ilikuwa katikati ya jiji, ghorofa mbili juu ya duka la dawa, vyumba juu na kaunta chini yake; toka barabarani mpaka kaunta ni ngazi ishirini na mbili, ya tisa ina ufa, na kila mgeni mpya huikanyaga vibaya na kumtaja Mungu. Vyumba saba, kila kimoja na vitanda vinane vya chuma. Feni ziko, lakini zina kasi moja tu, nayo ni ya kufikiria. Mwenye gesti, mzee wa kunusanusa kuta, zamani alipata mgeni aliyekaa mpaka akatundika mapazia yake mwenyewe, kisha akaenda kushtaki kwamba chumba ni chake. Toka siku hiyo mzee akaweka sheria: hii ni gesti, si nyumba ya kupanga. Mtu akilala siku kumi na nne, ya kumi na tano aondoke, yeye na kila kilicho chake, mpaka mswaki.

Ila mzee alisahau kusema mtu asirudi.

Basi kila baada ya wiki mbili, Jumatatu asubuhi, Fundi Zipu alikunja blanketi lake, akachukua redio yake, kikombe chake na kipande chake cha sabuni, akashuka. Mama Funguo, ambaye alishika funguo zote na kaunta na mashuka, alifungua kitabu kwa uso mkavu kama ndiyo kwanza anamwona.

"Unatuacha, mgeni?"

"Nawaacha, mama. Mmenitunza vizuri."

"Unakokwenda?"

"Nyumbani."

Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kulalia upande, kwenye safu ya mwisho iliyosema *Anakokwenda*. Nyumbani.

"Haya, msalimie mkeo."

"Zitafika."

Akatoka, akakata kushoto, akapita duka la dawa, akapita kibanda cha fotokopi na wauza viatu, akalizunguka jengo zima na mengine mawili kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Saa sita mchana huyo mlangoni, anapangusa miguu. "Hodi. Samahani mama, mna kitanda?"

"Una bahati, kimebaki kimoja. Chumba cha sita, kitanda namba tatu. Ila nakuonya, aliyetoka hapo alikuwa anakoroma kama tingatinga."

"Watu wengine hawana adabu," Fundi alisema, na chumba cha sita chote kikacheka mpaka ngazini.

Ilikuwa michezo. Lakini Mama Funguo alikuwa anaona kitu kimoja ambacho wenzake hawakukiona. Kwenye ile safu mtu angeweza kuandika chochote. Wengine waliandika "safarini", mmoja aliandika "Mungu anajua". Fundi, mara zote mia mbili na ushee, hakuandika neno lingine.

Alikuja jijini kwa siku tatu. Hayo alimweleza mwenyewe, kidogo kidogo, siku za mvua ambapo wasafiri ni wachache na barazani hakukaliki. Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake aliachiwa na marehemu mama yake: nyeusi, ubavuni ina maua ya rangi ya dhahabu, yaliyofutika pale tu mkono wa kushoto unapokaa. Siku moja ile sehemu ya chini inayobeba bobini ikakatika. Fundi wa kwao akasema spea iko jijini. Mume akakifungua kichwa cha cherehani, akakifunga kwenye gunia, akapanda basi nacho mapajani kama mtoto.

Stendi akakiweka chini afunge kamba za viatu. Alipoinuka, viatu vilikuwa vimefungwa vizuri sana, na cherehani haipo.

"Sasa ningerudi nikamwambie nini?" alimuuliza Mama Funguo.

"Ungemwambia imeibiwa. Ndiyo ukweli."

"Ilikuwa ya mama yake."

"Na wewe si ni mume wake?"

Badala ya kurudi, alipiga simu nyumbani akasema spea haijapatikana, fundi anaisubiri, iko njiani. Wiki iliyofuata ikawa bado iko njiani. Na kwa kuwa mtu anayesubiri lazima ale, akakaa chini ya ukuta wa duka la dawa na koleo na sindano, akawa anarekebisha zipu za mabegi ya wasafiri. Kazi hiyo aliijua, maana nyumbani zipu zote za sketi za wateja wa mkewe alizifanya yeye. Likaja begi moja, likaja la pili. Baada ya mwaka hakuna msafiri mtaa ule aliyefunga begi lake bila kupita kwake. Begi la kwake mwenyewe lilifungwa kwa pini.

Mwaka wa tatu mke alimwambia kwenye simu, "Baba, njoo tu hata bila hiyo cherehani." Akasema, "Wiki ijayo." Kisha ile simu ikaharibika, akanunua nyingine yenye namba nyingine, na ile ya zamani hakuitafuta tena.

Si kwamba alimsahau. Mama Funguo angeapa mahakamani kwamba hakumsahau. Mwaka wa tano aliipata cherehani kwa muuza vyuma chakavu, ya aina ileile, ila ubavuni imechunwa haina ua hata moja. Akaiweka chini ya kitanda namba tatu. Akamwomba Mama Funguo brashi ya rangi ya kucha, akatafuta rangi ya dhahabu, na kila Jumapili akakaa dirishani anachora maua kutoka kichwani. Akichora, anaangalia, anatikisa kichwa, anayakwangua.

"Fundi," wenzake wa chumba walimuuliza, "hiyo cherehani inashona, au inaolewa?"

"Mke wangu anaijua kama uso wa mamake," alisema. "Jani likikaa vibaya atajua. Nikimaliza hili ua la mwisho, naondoka."

Ua la mwisho lilimchukua miaka minne.

Wiki mbili kabla ya ugomvi huu, siku ya Jumatatu saa nne asubuhi, Fundi akiwa ameshaaga na yuko kwenye mzunguko wake, mwanamke mmoja kijana alipanda zile ngazi, akajikwaa ya tisa, akamtaja Mungu. Alikuwa na mtoto mgongoni, mwanya kwenye meno ya mbele, na vumbi la basi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo mama. Namtafuta baba yangu. Nimeambiwa anakaa hapa, anatengeneza zipu. Kuna jirani yetu alipita akamwona."

Mama Funguo alimtazama juu mpaka chini. Miaka aliyokaa kwenye kaunta ile imemfundisha kwamba wanawake wote wanaomtafuta mwanaume gesti ni binti zake. Alishawaona mabinti waliowazidi baba zao umri. Na Fundi katika hadithi zake zote alisema mke, alisema cherehani, hakuwahi kusema ana mtoto. Mama Funguo akapiga hesabu ya harakaharaka kichwani: huyu ni mke mdogo, mtoto yule mgongoni ni wa Fundi, na hapa patachimbika. Akaamua kumkinga rafiki yake. Na uzuri ni kwamba hakuhitaji hata kudanganya. Alikigeuza kitabu, akakisukuma mbele.

"Ameondoka leo hii asubuhi. Soma mwenyewe. Anakokwenda, unaona? Nyumbani."

Yule binti alisoma. Akauweka mkono juu ya lile neno. Halafu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, mtoto mgongoni akashtuka naye akaanza.

"Amekwenda," alisema. "Jamani, tumepishana tu njiani. Mama anaumwa, hatoki kitandani, kila siku ananiambia nimfuate baba, kumbe mwenyewe ameshaanza safari!" Akatoa simu pale pale. "Mama? Mama, anakuja. Ndiyo, baba! Nimeona mwandiko wake kabisa, ule wa kulala. Anakuja."

Hapo Mama Funguo angeweza kusema. Tuseme ukweli, alitaka kusema: ngoja hapa, kaa, saa sita atarudi, atapangusa miguu. Lakini mtu unaanzaje? Yule mama kwenye simu alikuwa anapiga vigelegele kwa sauti ya mgonjwa, kidogokidogo, kama anayeogopa kuvimaliza. Binti aliandika namba yake pembeni ya kitabu, akachukua na ya gesti, akakimbilia basi la saa tano.

Saa sita kamili: "Hodi. Samahani mama, mna kitanda?"

Mama Funguo hakusema lile la tingatinga. Alimweleza yote. Alipofika kwenye mwanya wa meno na namna binti anavyoongea bila kupumua, Fundi akaketi kwenye ngazi.

"Nilimwacha ana miaka kumi na tano," alisema.

"Basi simama! Basi la jioni lipo."

"Kesho. Limebaki jani moja."

"Fundi, mkeo anaumwa!"

"Ndiyo maana siwezi kwenda na ua halijaisha."

Kesho yake kukawa na mabegi mengi. Keshokutwa rangi ilikuwa haijakauka. Mama Funguo alimsema, akamtukana, siku moja akamficha brashi, kisha akaona afadhali amrudishie amalize haraka. Kumpigia yule binti akamwambie ukweli, aliinua simu mara nne. Mara zote nne aliikumbuka ile sauti ya vigelegele, akairudisha. Hilo la simu hakumwambia mtu.

Jana, Jumapili, Fundi alimaliza. Aliiweka cherehani dirishani, chumba chote kikaja kuangalia, na hakuna aliyetania. Yalikuwa maua kweli. Hata pale pa mkono wa kushoto alipafuta kwa kitambaa, taratibu, yafifie kama ya mwenyewe.

Na leo, saa moja asubuhi, kabla hajashuka, simu ya kaunta ililia.

Aliposhuka amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, Mama Funguo alimwambia kabla hajafika ngazi ya mwisho. Hakujua namna nyingine. Mkewe amefariki alfajiri ya Jumamosi. Wamemzika jana.

Fundi aliutua mzigo wake chini. Aliuliza kitu kimoja tu. "Alinisubiri?"

"Alikusubiri. Aliomba atolewe kitandani, kiti kikawekwa mlangoni. Kila siku wanamtoa, wanamrudisha. Binti anauliza, baba alipotelea wapi njiani? Alipata ajali? Alikuwa anaulizia hospitali, Fundi. Hospitali zote za njiani! Ningemwambia nini mimi?"

Hapo ndipo alipokipiga kitabu kofi, na hapo ndipo yalipotoka yale ya kuuawa na kusakafiwa. Fundi aliiangalia kalamu tu, na kadiri alivyoiangalia ndivyo yeye alivyopandisha sauti, mpaka akalisema na lile ambalo alikuwa ameapa kulimeza.

"Na cherehani mkeo anayo! Alikuwa nayo! Wanawake wa mtaani kwao walimchangia, mwaka wa saba huu anashonea. Binti amesema mama yake hata siku moja hakuiulizia ile ya zamani. Alikuwa anakuulizia wewe!"

Kelele za barabarani zilipanda mpaka juu, honi na mtu anayenadi soksi. Mlango wa chumba cha sita ulikuwa wazi, na ndani hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Fundi Zipu aliinama. Aliifungua ile shuka kidogo, kwa kidole, akaangalia ndani, akaifunga tena, fundo juu ya fundo. Akaubeba mzigo begani, upande wa pili wa begi.

Mama Funguo aliivuta kalamu kwa kamba yake. Sauti ilikuwa imeshamwishia. "Nisamehe, kaka yangu. Nimeropoka." Akakigeuza kitabu kumwelekea, ukurasa wa leo, tarehe ya leo, kama kila mara. "Andika basi."

Hakuichukua kalamu.

"Basi niambie nikuandikie mimi. Unakwenda kwenu? Binti yako yuko peke yake kule. Au nikuwekee kitanda?"

Alishuka ngazi ishirini na mbili akiiruka ya tisa bila kuitazama. Mama Funguo alikimbilia dirishani. Alimwona anatokea chini, anasimama kidogo mbele ya duka la dawa, anausogeza mzigo ukae vizuri begani. Kisha akakata kushoto. Kushoto ndiko stendi ya mabasi iliko, na kushoto ndiko alikokata kila Jumatatu kwa miaka tisa.

"Fundi!" aliita. "Niandike nini?"

Alikuwa ameshafika kwenye kibanda cha fotokopi, na hakugeuka.