Nguzo Chini ya Nguzo

Wewe cheka tu. Mimi nilikuwa huko chini na akili zangu zote, mchana, na pombe sinywi.

Kwari yetu iko kwenye mteremko nyuma ya Nkubu, shambani kwa mjane mmoja, Mama Kathure. Mawe ya kujengea yako matabaka mawili. La juu lilichimbwa na watu wa zamani, wakaacha pango lenye nguzo za mawe za kushikilia paa. Mimi na mwenzangu Mwenda tulikuwa tunachimba tabaka la chini, chini ya pango hilohilo. Nguzo zetu tuliziacha popote palipotufaa. Nani angehangaika kupanda kuangalia za wenzetu ziko wapi?

Siku hiyo Mwenda alikuwa ametoka kunoa mtaimbo. Nikasikia mtu akinisalimu kwa Kimeru, "Muga!"

Nikageuka. Kijana wa rika langu, koti la kaki, mkono wa kushoto hauna kidole gumba. Nikaitikia salamu nikidhani ni jamaa wa mwenye shamba. Akaweka sikio kwenye paa, halafu akachora alama tatu za mkaa.

"Nguzo zetu zimekanyaga hapa, hapa na hapa," akasema. "Chini yake nyinyi mmeacha shimo. Toka, na umzuie mwenzako."

Niliinama kuokota tochi. Kuinuka, hakuna mtu. Na kwenye vumbi, niamini, kulikuwa na nyayo zangu na za Mwenda tu.

"Hiyo ni njaa," Mwenda akaniambia nilipotoka kumweleza, akaanza kurudi ndani. Nikamshika shati mpaka likararuka. Kelele zikamleta Mama Kathure. Nilipotaja kidole gumba, alikaa chini.

"Alikuwa amezeeka?"

"Hapana, mama. Ni wa rika langu."

"Huyo ni baba Kathure. Aliangukiwa na jiwe hapo juu nikiwa na mimba." Kisha akatabasamu. "Kumbe bado anatuchunga."

Tulipanda tukapima kwa kamba. Kila alama ilikuwa chini ya nguzo ya juu. Siku ya tatu paa letu liliporomoka lote, sisi tukiwa nje tunakunywa uji.

Tulifungua mlango mwingine, na sasa kila nguzo yetu inakaa chini ya nguzo. Kazi inaenda vizuri, Mwenda amejenga, na haingii kabla ya kusema "Muga" gizani. Mama Kathure naye kila nikipita ananiuliza lile koti lilikuwaje, nikimweleza anacheka kama bibi harusi.

Lakini wewe unayechimba chini ya kazi ya watu wengine, panda kwanza ujue walisimamisha nguzo wapi. Usingoje kuja kuambiwa.