Kemia Kwenye Rafu ya Nyuki

Kitabu cha kemia nilichokitegemea kilikuwa kimoja tu katika maktaba nzima pale Kibaha, na hakikuruhusiwa kutoka nje. Nilikuwa mtahiniwa wa kujitegemea, nimetoka Marui kuja kukaa kwa shangazi Tangini, nikirudia somo hilo moja. Bila D ya kemia, chuo cha uuguzi ningekisikia tu redioni.

Rafiki yangu wa Misugusugu, naye akirudia, ndiye aliyeleta wazo la kukificha. Tukikiacha mahali pake, kesho yake tunakuta mwingine kakiwahi. Basi kila tukimaliza tukawa tunakichomeka kwenye rafu ya ufugaji wa nyuki, ambako hakuna aliyegusa kitu. Tulijiona wajanja kwelikweli.

Wiki mbili kabla ya mtihani nilifika saa nne asubuhi, baada ya kazi za nyumbani, nikakuta nyuki wapo, kemia haipo. Rafiki yangu akashika kichwa.

"Shoga, kuna mtu katuzidi ujanja."

Tulipekua rafu kwa rafu hadi adhuhuri. Alipiga magoti mpaka gauni likajaa vumbi, nikamwonea huruma. Nikamlaani huyo mwizi, naye akaitikia amina. Kumuuliza mkutubi sikuthubutu, maana kompyuta yake ingesema kitabu kipo, na mimi ndiye niliyekiondoa mahali pake. Nikajisomea daftari za zamani zilizochanika, nikaingia kwenye mtihani na nusu ya somo.

Matokeo yalipotoka, yeye alipata C, mimi F. Nilimpigia simu kumpongeza, na nilifurahi kweli. Kisha nikarudi maktaba kuanza upya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," mkutubi akaitikia. "Safari hii unasoma nini?"

"Kemia tena. Kile kitabu kilipotea kabla ya mtihani."

"Kilipotea wapi? Mwenzio si alikuwa anakisoma kule nyuma, kwenye rafu za sheria, kila siku tukifungua tu? Nikadhani mnapokezana, yeye asubuhi, wewe mchana."

Hasira ilinipanda. Nikamuuliza kama ilikuwa hivyo hata siku ile tuliyopekua rafu zote.

"Ile mliyonivurugia vitabu? Naikumbuka sana," akasema. "Siku hiyo alinikuta hata mlango sijafungua."