Shija wa zeze, aliyewavusha watu uwanja mzima

Ndugu zangu, tangu jana mchana nimeshika simu nikingoja mtu aniambie wamekosea jina. Hakuna aliyepiga.

Shija wetu wa Nsemulwa, mpiga zeze na kiongozi wa bendi yetu, amefariki. Homa ya siku nne tu.

Nimelia mpaka kichwa kinauma. Sasa naandika, maana mnaniuliza inbox na siwezi kumjibu kila mtu.

Kwa msionijua, mimi ndiye dada wa kinanda, yule wa pembeni ya stage. Zamani nilikuwa napigia kwaya tu, huku Kawajense. Siku moja Shija akatuvamia mazoezini na zeze ndani ya mfuko wa mbolea, akaomba tumwazime amplifaya.

Nilicheka. "Kaka, zeze na amplifaya wapi na wapi?"

Akanionyesha. Alikuwa ameng'oa kimaiki cha earphone, akakigandisha ndani ya kibuyu cha zeze kwa nta ya nyuki. Alipochomeka waya na kupiga, kwaya nzima iliacha kuimba. Mwalimu wa kwaya alinuna, na wiki iliyofuata mimi nilikuwa kwenye bendi.

Tuligombana huyo mtu na mimi! Nilitaka zeze lifuate kinanda, yeye anataka kinanda kifuate zeze. Nilitaka kila wimbo uwe dakika nne na setlist, orodha ya nyimbo, ibandikwe kwenye spika. Yeye wimbo mmoja anaweza kuupiga mpaka chai ipoe.

Onyesho letu la kwanza, kwenye ukumbi mmoja mjini, tuliboronga, na kosa lilikuwa langu. Nilikata zile sehemu ambazo mwimbaji anatoa mstari kisha anawaachia watu waitikie. Niliona zinapoteza muda. Basi watu wakifungua midomo kuitikia, sisi tumeshahamia wimbo mwingine. Wakarudi kwenye soda zao.

Mwingine angenifukuza. Shija alinipa maji ya kunywa akasema, "Dada, usilie. Leo tumeimba peke yetu. Siku nyingine tutaimba na wenye nyimbo wenyewe."

Sasa kuna baba yake mkubwa. Familia yao ilipohamia huku na ng'ombe kutoka kaskazini, yeye ndiye alikuwa manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo. Ndiye aliyemfundisha Shija zeze. Ule waya aliuchukia kutoka moyoni, akamwita Shija.

"Nyie mnaliharibu zeze la wazee. Njooni tushindane. Mkishindwa, unang'oa huo waya na hulipigi tena hivyo mbele za watu."

Na Shija akakubali! Nilimwambia, kaka una wazimu. Kazi yetu yote ya miaka ilikuwa kwenye ule waya.

Kama hujawahi kuona mashindano ya ngoma za Wasukuma, ni hivi: makundi mawili yanapiga kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Hakuna jaji. Watu wanatembea kwenda kwa anayewavuta, na mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Tulianza saa sita mchana. Hadi saa tisa upande wetu walikuwepo muuza miwa, mbwa wawili, na mke wa Eliya, mpiga ngoma wetu wa Mishamo. Kwa baba mkubwa watu walikuwa hawaonekani kwa vumbi. Niliogopa sana. Niliona kabisa Shija anakwenda kung'oa ule waya.

Akaja, akabandua setlist yangu, akaitia mfukoni.

"Dada, leo usihesabu. Nifuate tu."

Akaanza wimbo wa kulima, wa bibi zao Wasukuma, juu ya besi ya kinanda changu na ngoma ya Eliya. Akatoa mstari mmoja, akanyamaza. Sote tukanyamaza, jenereta tu linanguruma. Nikadhani waya umekatika.

Wakaitikia! Akina mama wa upande wa pili, katikati ya ngoma ya mtu mwingine, wakaitikia wimbo wetu. Akatoa mstari wa pili, wakaitikia huku wanatembea. Wa tatu, wanakimbia. Jamani, uwanja wote ulivuka: baiskeli, watoto mgongoni, wazee na fimbo zao. Nilipiga kinanda nikicheka na kulia kwa pamoja.

Wapo waliosema tumetumia dawa. Dawa gani, zaidi ya petroli ya jenereta?

Baba mkubwa aliumaliza wimbo wake mpaka mwisho, amebaki na wapiga ngoma wake tu. Kisha akaja kwetu, jasho linamtoka. Tukajiandaa kutukanwa.

"Umenichukulia watu wote, mpaka mke wangu." Akaushika mkono wa Shija, akaunyanyua. "Huyu ni manju. Nimemfundisha mimi."

Shija alilia kama mtoto, na sikumtania hata kidogo.

Toka siku ile mmejionea. Harusi zikatuita, sherehe za mavuno zikatuita. Vijana wa bodaboda waliokuwa wanaona ngoma ni mambo ya wazee wameweka zeze la Shija kuwa mlio wa simu.

Leo asubuhi tumemzika. Tulipokuwa tunanawa mikono, baba mkubwa akaniita pembeni. Nilijua analitaka zeze, ni la ukoo wao.

"Jumamosi ijayo mna kazi?"

Nikamwambia ipo, ila naona tuahirishe.

"Msiahirishe. Nitaimba mimi mahali pake." Akaangalia chini. "Ila unifundishe hiyo maiki na waya wake, binti yangu. Sijawahi kuishika."

Kesho saa nane mchana namfundisha.

Kaka Shija, ulishinda ukiwa hai na ukaona kwa macho yako. Nakushukuru kwa kila wimbo. Lala vizuri, manju.